Je, Wajua? Ndege Amepita, Ndege Imepita

Mtu akikuambia "ndege amepita", tafuta mwewe au korongo. Akikuambia "ndege imepita", tafuta chuma. Herufi moja inatosha kutenganisha kiumbe na mashine. Tena wazee wa pwani walikuwa na ndege wa tatu, asiyeonekana kwa macho: msafiri aliyetoka alfajiri akakutana na jambo la kumtia shaka alisema amepata ndege mbaya, akageuza njia akarudi kwake. Kutoka Mikindani, kusini mwa Tanzania, hadi mdomo wa Ruvuma, na kupanda mpaka uwanda wa Wamakonde, ndege wa namna zote tatu wamepita.

Mkusanyo huu ni wa ndege za chuma, hasa za kijeshi, na wa watu waliokuwa chini wakizitazama.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaopanda mlima ili waione ndege kwa juu?

Wengi wetu tumezoea kutazama ndege kwa kuinua shingo. Huko Wales, magharibi mwa Uingereza, kati ya miji ya Dolgellau na Machynlleth, yapo mabonde ambamo marubani wa jeti za kivita hufanya mazoezi ya kuruka chinichini, hadi futi 250 kutoka ardhini. Hiyo ni kama mita 76: simamisha minazi mitatu mirefu, mmoja juu ya mwingine, umefika. Wapenzi wa ndege hujibanza kwenye mteremko tangu asubuhi na mapema, wana kamera zenye lenzi ndefu kama mkono, chupa za chai na makoti ya mvua. Jeti inapokuja hupita chini yao. Wanauona mgongo wake, na kofia ya rubani ndani ya kioo. Hakuna tiketi, wala hakuna aliyewaahidi kitu, kwa hiyo mtu anaweza kushinda kutwa nzima akaambulia kondoo na manyunyu.

Mahali hapo panaitwa Mach Loop. Wengi hudhani jina limetokana na Mach, kipimo cha mwendo wa sauti. Kumbe ni mji wa Machynlleth uliokatwa mkia.

Uswisi nako, kwa kawaida mwezi Oktoba, jeshi la anga la nchi hiyo huonyesha ulengaji shabaha milimani Axalp, na watazamaji hupanda hadi zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari kuuona. Marekani walikuwa na korongo lao katika Bonde la Mauti, California, ambalo wapenzi hao waliliita kwa jina la filamu ya Star Wars. Tarehe 31 Julai 2019 jeti ya jeshi la majini iliparamia ukuta wa korongo hilo. Rubani alikufa, na watu saba waliokuwa wamesimama ukingoni kutazama wakajeruhiwa.

Jeti haziingii mabondeni kwa madoido. Mawimbi ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, mwenye rada ni kipofu. Rubani anayejua kujificha nyuma ya mlima ana nafasi ya kurudi nyumbani, na ustadi huo haupatikani ila kwa kuufanyia mazoezi.

Je, wajua kwamba Mtwara nako kuna mahali pa kutazamia ndege kwa juu?

Panaitwa Shimo la Mungu, Newala. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, ardhi inaporomoka, na mbele yako kunabaki bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, bluu juu ya bluu. Kwa umbile la nchi hakuna kilichopungua: ukingo upo, bonde lipo, mto upo. Kilichokosekana ni jeti. Kaa pale asubuhi jua linapoanza kupasha bonde moto na utamwona mwewe akizunguka chini ya miguu yako bila kupiga bawa, akipandishwa na hewa ya joto. Mimi sioni hasara.

Ila angani mwa bonde hilo palitarajiwa kuonekana, mwaka 1917, kitu kikubwa kuliko jeti yoyote.

Je, wajua kwamba merikebu ya angani ya Wajerumani ilikuwa njiani kuja umakondeni?

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake, Wajerumani wachache na Waafrika wengi, walikuwa wamesukumwa hadi pembe ya kusini ya koloni. Risasi zinaisha, dawa zinaisha, na bahari imezibwa na manowari za Waingereza. Huko Ujerumani mtu akaja na wazo: kama meli haipiti majini, ipite juu.

Chombo kiliitwa L59. Kilikuwa zepelini, yaani mfuko mkubwa wa gesi ya haidrojeni wenye mifupa ya chuma chepesi, na injini tano. Urefu wake ulikuwa mita 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu. Kilibeba watu 22 chini ya nahodha Ludwig Bockholt, na shehena ya tani kama 15: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha, dawa na bandeji.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni hii: hakikukusudiwa kurudi. Afrika Mashariki hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza tena, hivyo kiliundwa ili kikifika kichinjwe kama ng'ombe wa sikukuu, kila kiungo kiwe na mlaji. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema. Mifupa yake ingekuwa machela na milingoti ya redio. Hata ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupitia mabaharia ndani ya chombo ilikuwa imepangiwa kazi: viatu vya askari.

Kiliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917. Kikavuka bahari ya Mediterania, kikaingia Misri, kikashuka juu ya jangwa. Mchana hewa ya moto ilikirusharusha mpaka mabaharia wa angani wakatapika. Usiku baridi ilikitia uzito, kikakaribia kugusa ardhi. Wengine waliumwa vichwa na kuanza kuona vitu visivyokuwepo. Walipofika pande za magharibi ya Khartoum, usiku wa kuamkia tarehe 23, redio ikawaletea amri ya kurudi, kwa kuwa nyanda za juu za Makonde, walikotakiwa kutua, zilikuwa zimekwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza. Wakageuza. Walitua Bulgaria asubuhi ya tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757, bila kutua hata mara moja.

Asubuhi hiyohiyo ya tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Huko Ngomano, mahali Lugenda inapoungana na Ruvuma, aliwashambulia Wareno na kuteka ghala lao. Ndani yake mlikuwa na risasi kama 250,000. Alichokikosa angani alikiokota mtoni, siku moja.

L59 iliungua na kuanguka baharini karibu na Italia mwezi Aprili 1918, na hakuna aliyepona.

Je, wajua kwamba ndege ya kwanza ya kivita katika pwani yetu ilitokea kwenye maonyesho?

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika matawi ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini ilionekana mikoko tu. Waingereza walihitaji jicho la juu. Wakampata Durban: rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege ya Curtiss yenye tumbo la mashua, iliyokuwa ikirushwa huko mbele ya watazamaji. Wakamvisha sare, wakampakia melini yeye na ndege yake, wakampeleka kisiwani Niororo, karibu na Mafia.

Chombo cha kupoozea injini kikavuja. Spea ilipatikana Mombasa: rejeta ya gari la Ford. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliruka tena, akaiona Königsberg imefichwa mtoni. Tarehe 10 Desemba 1914 ndege yake ilishuka ndani ya delta, naye akatekwa. Manowari yenyewe ilikuja kumalizwa Julai 1915, wapiga mizinga wakielekezwa shabaha na watu waliokuwa ndani ya ndege.

Kusini zaidi, Wareno nao walileta ndege za Farman hadi Mocímboa da Praia mwaka 1917. Hazikufanya mengi.

Je, wajua kwamba rubani alikuwa mtu wa bahari?

Kabla ya injini, rubani alikuwa yule anayeijua miamba na mikondo, anayesimama omoni kukiongoza chombo kipite salama mlangoni. Neno lilitoka kwa Waarabu. Ndege zilipokuja, Waswahili hawakutafuta neno jipya. Walimpandisha rubani angani na kumwachia cheo chake. Si ajabu sana kwa pwani ya kusini, ambako ndege nyingine zilikuwa mashua kweli: kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways zenye injini nne, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilikuwa zikitua juu ya maji Lindi.

Na kudungua? Wengi husema hivyo siku hizi, lakini kipo pia kitenzi kutungua, kilekile cha kushusha embe kwa upondo. Unaichokoa, inaachia, inaanguka. Neno hili hutumika kwa maana zote mbili.

Je, wajua kwamba jeti za kivita zilipita kweli, ng'ambo ya mto?

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vyake vya kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno vilianza mwaka 1964. Nachingwea palikuwa chuo cha wapiganaji. Mtwara palikuwa hospitali yao. Ng'ambo, juu ya uwanda wa Mueda, Wareno walikuwa na kiwanja cha ndege.

Ndege waliyoitumia kwanza ilikuwa T-6 Harvard, ya Kimarekani, yenye pangaboi moja mbele. Ilitengenezwa kufundishia marubani wanafunzi. Wareno wakaifunga mabomu na roketi. Ina sauti yake ya pekee, mkwaruzo mkali wa kukereketa, kwa sababu ncha za pangaboi lake huzunguka karibu na mwendo wa sauti. Leo mzee wa Ulaya husafiri kilomita mia tatu kwenda kusikiliza mkwaruzo huo kwenye maonyesho, afumbe macho, atabasamu. Aliyekuwa mtoto wa miaka saba kijijini kando ya Ruvuma mwaka 1972 sasa amefika sitini na huenda anaujua vilevile, ila kwake ulikuwa na maana nyingine: shimoni, haraka.

T-6 ya kwanza kuvuka upande huu ilikuja kwa heri. Mwaka 1963 rubani wa jeshi la anga la Ureno, Jacinto Veloso, akiwa na mwenzake João Ferreira, aliiba ndege ya namna hiyo na kutorokea nayo Tanganyika ili ajiunge na FRELIMO. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Usalama wa Msumbiji. Kitabu cha maisha yake alikiita Memórias em Voo Rasante, yaani kumbukumbu za kuruka chinichini, sawa kabisa na wanavyoruka wale wa Wales.

T-6 nyingine haikuja kwa heri. Aprili 1972 ndege za Wareno zilishambulia vijiji vya kusini mwa Tanzania. Wapiga mizinga wa jeshi la Tanzania, JWTZ, wakaitungua moja. Ikaenda kuangukia upande wa Msumbiji.

Jeti zenyewe ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilikuwa Fiat G.91, ndogo, za Kiitaliano kwa asili, na safari yao ya kufika Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, ni kichekesho cha makaratasi. Zilitengenezwa kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, lakini hazikuishia huko. Zikachukuliwa na Ujerumani ya Magharibi. Ujerumani ikaiuzia Ureno 40 katikati ya miaka ya 1960, kwa sharti zitumike katika ardhi ya Ureno tu, kwa ulinzi wa NATO. Wareno wakajibu kwamba hawajavunja sharti lolote, kwa kuwa Angola, Guinea na Msumbiji ni Ureno.

Tuunganishe na jambo la nyumbani. Ujerumani hiyohiyo ya Magharibi ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuanzisha kikosi cha anga cha Tanzania, ikajiondoa mwaka 1965 kwa ugomvi kuhusu uwakilishi wa Ujerumani ya Mashariki nchini. Wakaja Wakanada na ndege za mizigo. Jeti zilikuja na Wachina, miaka ya 1970. Kwa hiyo wakati Fiat zilipokuwa zikirindima juu ya Mueda katika operesheni kubwa ya mwaka 1970, upande huu wa mto jibu lilikuwa mzinga ulioelekezwa juu, na masikio.

Kuna kisa kimoja cha watazamaji katika vita hivyo. Aprili 1974 ndege ya abiria ya kijeshi aina ya C-47, iliyobeba waambata wa kijeshi wa nchi za nje pamoja na wakubwa wa Kireno, ilipigwa injini moja kwa kombora la Strela, lile la kurushwa begani. Ilitua salama. Wageni walikuwa wamekuja kujionea hali, wakajionea.

Je, wajua kwamba mchezo wa kutazama ndege ulizaliwa na hofu?

Uingereza waliunda kikosi cha walinzi wa kutazama anga mwaka 1925. Vita vya Pili vilipofika, maelfu ya raia walikuwa wakikesha vilimani na darubini, wakijifunza umbo la kila ndege kwa kivuli chake: mbawa zilivyokaa, mkia ulivyosimama, injini inavyovuma. Kosa lilikuwa na gharama. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, ndege za Spitfire ziliziangusha Hurricane mbili za Waingereza wenzao. Mwaka 1941 likatoka hata gazeti la kufundisha kutambua ndege. Vita vikaisha, ujuzi ukabaki mikononi mwa watu wasiokuwa na adui wa kumsubiri, wakaendelea kusubiri hivyohivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, na daftari la namba za mkiani.

Kwa hiyo mtu wa Mach Loop na bibi yeyote wa kijiji kama Kitaya, kandokando ya Ruvuma, aliyekimbilia shimoni, wamesoma somo moja. Mmoja alilisoma kwa kupenda.

Je, wajua kwamba daftari hilo liliwahi kuwapeleka watu jela?

Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki, katika kituo cha anga cha Kalamata, siku ya maonyesho. Polisi walishindwa kuelewa ni vipi mtu mzima alipe nauli kutoka Uingereza ili aandike namba za ndege za watu. Wakawashitaki kwa ujasusi. Aprili 2002 walitiwa hatiani. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikawaachia.

Nasi tusiwacheke Wagiriki. Hapa kwetu kupiga picha kambi ya jeshi au zana zake bila kibali ni kosa, na askari getini hatasikiliza hoja ya burudani. Mtanzania anayependa jeti husubiri sherehe za kitaifa, zinapopita juu ya uwanja kwa sekunde chache na kuwaacha watoto wameziba masikio. Mtwara mjini atazame za abiria: barabara ya kurukia ya uwanja wa ndege wake imerefushwa hadi mita 2,800.

Je, wajua kwamba vita vya Kagera viliua wanyama wa kisiwani?

Hiki si cha kusini, lakini nimeshindwa kukiacha. Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda katika vita hivyo dhidi ya Tanzania, ilituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kuishambulia Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, palipohifadhiwa wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa, na waliokufa walikuwa wanyama.

Je, wajua kwamba Ghuba ya Mnazi ina kikosi chake cha anga?

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Ina mikoko, matumbawe, visima vya gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, na mgeni wa kila mwaka: ndege mweusi kwa mweupe, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo, anayeishi kwa kula kaa. Kwao ni pande za Oman, Ghuba ya Uajemi na Somalia. Huko huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Akimaliza malezi huteremka pwani, njia ileile ya majahazi, na mtoto wake akiwa bado anamfuata akilia apewe chakula.

Huja kwa makundi, hutua kwa makundi, na akishtuka mmoja huruka wote kwa mstari chinichini juu ya maji, futi chache tu. Nenda Msimbati maji yanapoanza kupwa. Vaa viatu vya kukanyagia tope, maana kaa wanapofuata maji naye huwafuata, na atakupeleka mbali. Huyu unaruhusiwa kumpiga picha.